Ushindi Uliotangulia Vita

Roma, Kalenda ya Februari, siku ya kwanza ya mwezi

Numerio Tetio anamsalimu Opio, mwana wa dada yake, huko kwenye barafu.

Kama pua yako haijadondoka kwa baridi, basi nami huku sina malalamiko. Mama yako mzima. Goti linamsumbua kwenye ngazi, na kwa sababu ya ngazi hizo hizo anagombana na mwenye nyumba. Juzi alimmwagia maji ya dengu kutoka dirishani, akasema mkono uliteleza. Mkono wa dada yangu Tertula haujawahi kuteleza tangu azaliwe. Anauliza kama soksi zilifika. Usimwambie zinabana, mwambie zilifika.

Mimi mjomba wako sasa ni mtu wa kusalimiwa. Katika karakana nzima ya kupigia sarafu hakuna mkono kama huu, na sisemi mimi, wanasema hata wanaonichukia. Ukipewa sarafu mpya huko kambini, igeuze. Ukimkuta mungu wa kike mwenye shingo ya mwanamke badala ya shingo ya chupa, ujue muhuri wake nilichonga mimi. Shule niliiacha mapema, mwalimu alipochoka kunipiga, lakini mkono wangu ulibaki darasani ukaendelea.

Sasa sikiliza. Fulkinio, msimamizi wetu, kaniita ndani akafunga mlango. Nikajua ama nafukuzwa ama napewa kazi kubwa. Ni kazi kubwa: sarafu ya ushindi wetu dhidi ya Wagermani. Upande mmoja Kaisari. Upande wa pili nguzo iliyotundikwa silaha za adui, na chini yake mwanamke wa Kigermani ameketi analia. Pembeni maneno: Germania imetekwa. Nikauliza wanawake wa huko wakoje. Fulkinio akasema nichonge mwanamke yeyote, halafu niongeze huzuni.

Niliona nimetukanwa, mpwa wangu. Wenzangu wote wanamnakili yule mama wa Kiyahudi anayelia chini ya mtende kwenye sarafu ya ushindi wa zamani. Wanang'oa mtende, wanapanda mti mwingine, tayari taifa jipya limelia. Mimi si wa kunakili. Wewe uko huko, niandikie: nywele wanafungaje, wanavaa nini, wakichoka wanakaaje.

Na wewe nawe ni mhuni. Watu mnashinda vita, hata mama yako humwandikii? Nieleze ulivyopigana. Danganya kidogo tu, mengine nitaongeza mwenyewe nikifika kwenye duka la mvinyo.

*

Kambini, Mto Rhine, katikati ya Machi

Opio kwa mjomba Numerio: niko hai, na natumaini wewe pia, kwa kelele ulizo nazo ungekuwa umekufa tungesikia huku.

Soksi zilifika. Mwambie mama nimezivaa hadi zimekuwa ngozi yangu. Chakula ni maharage, na siku ya sherehe ni maharage yenye nyama. Rafiki yangu Kapio alipandishwa cheo akalewa, akashushwa kabla hajalevuka.

Mjomba, ushindi gani? Sijui nikuandikie nini. Tangu nije huku hatujavuka mto kwa vita hata mara moja. Tunavuka kununua jibini. Wagermani wenyewe wanakuja siku za soko na mitumbwi, wanaleta ngozi, manyoya ya bata, na ile sabuni yao ya majivu na mafuta wanayopaka nywele ziwe nyekundu. Kapio aliipaka, akaonekana kama karoti iliyopigwa. Mkuu wao, mzee Hadvalo, ana shahada ya urafiki kutoka kwa jenerali aliyepita, kibao kizima cha shaba, na anaivaa kifuani kama pambo la farasi. Ugomvi mkubwa tuliowahi kupata nao ulihusu nguruwe.

Ulichouliza ni hiki. Nywele hawazirundiki juu kama wanawake wa Roma. Wanazisuka msuko mmoja, unaangukia bega la kushoto, na kazi ikiwa nyingi wanauchomeka ndani ya shuka wasiukanyage. Mikono iko wazi hadi begani hata kwenye baridi. Wakichoka hawajifuniki uso. Wanakaa chini, mguu mmoja umekunjwa, kiwiko juu ya goti, shavu juu ya ngumi, wanakutazama mpaka unaona aibu na hujui umekosa nini. Halafu wanacheka na pua inakunjamana.

Lakini usichonge. Mwambie msimamizi wako kuna kosa. Hapa hapajatekwa mtu.

*

Roma, siku tatu kabla ya Kalenda ya Mei

Numerio kwa Opio, mpwa mwenye macho makali kuliko nilivyodhani.

Mama yako hajambo, na mwenye nyumba ametengeneza ngazi. Huku kumekuwa na joto la mapema, samaki sokoni wananuka kabla hawajafika.

Barua yako ilichelewa. Yule dereva wa mikokoteni alilala njiani, mjini Lugduno, kwa mwanamke wake hadi pesa zilipoisha. Muhuri ulikuwa bado mkononi mwangu lakini nguzo na maandishi yalikuwa yamekwisha, amebaki mwanamke tu. Nikaenda kwa Fulkinio na barua yako, nikamwambia bwana, mpwa wangu yuko pale pale, anasema hakuna vita vilivyopiganwa.

Fulkinio alikuwa anakula zeituni. Akatema kokwa, akaniambia, "Ushindi upo, Numerio. Vita ndivyo vimechelewa."

Nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka, na jioni nikawasimulia wenzangu na wao wakacheka, jamaa wa nyundo wakapaliwa. Kisha nikatafakari. Kila mmoja pale anajua ni uongo, na kila mmoja anaupiga nyundo kutwa, na mimi ndiye niliyeupa sura.

Maana nimeuchonga, Opio. Nikikataa mimi angechonga Silo, na Silo hawezi kuchonga hata kitunguu. Nimemchonga kama ulivyosema: msuko begani, kiwiko gotini, shavu juu ya ngumi. Fulkinio alimtazama. Akasema hajawahi kuona mateka anayefanya mtu atamani kuomba radhi. Magunia yameshaondoka kuja kwenu, ni zawadi ya Kaisari kwa askari wake washindi. Usijali sana. Kila sarafu inadanganya kidogo, na mkate unauzwa vile vile.

Jambo jingine. Mtu haandiki hivyo kuhusu wanawake wa taifa zima. Pua inakunjamana ya nani? Mama yako amenifanya nimsomee mistari hiyo mara nyingi, kila mara anasema "haya" na kuondoka.

*

Kambini, katikati ya Juni

Opio kwa mjomba. Mwili mzima.

Mpe mama salamu. Mwambie mvua zimekwisha, na kikohozi pia.

Magunia yalifika. Tulipangwa mstari, kila mtu akapewa zake. Kapio akageuza yake akauliza kwa sauti, "Tumewashinda lini, nilikuwa chooni?" Kikosi kizima kilicheka. Akida wetu alicheka. Jenerali hakucheka. Alisimama na sarafu kiganjani, akaitazama kama mtu aliyeletewa deni la ndugu yake. Tangu siku hiyo wanajenga madaraja ya mashua.

Hapo hapo mtu asiye na akili akaenda sokoni akalipia jibini kwa sarafu hizo. Mzee Hadvalo akaja kwangu nayo, kwa sababu lugha yao naijua kidogo. Akaniuliza huyu mwanamke ni nani na analilia nini. Nikamwambia ni mungu wetu wa mavuno. Akasema, "Mungu wenu amevaa kama binti yangu." Nikasema wachongaji wa Roma ni watu wa ajabu.

Mjomba, ni binti yake kweli. Anaitwa Vada. Ulichochonga ni yeye, sikujua kuelezea mwingine. Sheria inasema askari hana mke, kwa hiyo sina mke. Ila huyu ninayeambiwa sina ana mimba yangu, na kwa desturi yao amerudi kwa mama yake hadi ajifungue, ng'ambo, kwenye kijiji kilicho karibu na mto kuliko vyote. Barabara ya daraja inaelekea huko. Haielekei kwa Wagermani wenye silaha, hao wako mbali msituni, na ukiwafuata wanajua kupigana.

Nilivuka nikamwambia waondoke, waende ndani. Akanisikiliza na ile ngumi shavuni. Akaniuliza, "Tuwakimbie nyinyi? Nyinyi si ndio mnakula jibini letu?" Baba yake akanionyesha ile shaba kifuani.

Nitajaribu tena.

*

Roma, Idi ya Agosti, katikati ya mwezi

Numerio kwa Opio.

Leo sina mzaha, nitaandika haraka. Jana walitangaza uwanjani: Wagermani wamepigwa, Kaisari ameongezewa jina la ushindi. Watu walipiga makofi wakaenda kununua soseji. Nilitafuta mtu wa kunieleza ni kijiji gani, wakanitazama kama nimeuliza ng'ombe wa kafara aliitwa nani.

Barua yako ya Juni nimeipata wiki hii tu. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaenda nje nikatapika mferejini, mbele ya watu wanaonijua. Wakasema Numerio amelewa asubuhi. Nikawaacha waseme.

Muhuri wa kwanza umechakaa kwa kupigwa, Fulkinio ameniagiza nichonge mwingine sawa sawa na ule, msuko na yote. Nimemwambia mkono unauma. Amempa Silo. Sasa Silo anamnakili mkwe wangu, anamtia shingo ya chupa, na wenzangu wanasema ni afadhali, yule wa kwanza alikuwa anakera macho.

Mama yako hajui lolote isipokuwa kwamba ninakula kidogo, na kwake hiyo ni habari ya kutisha. Niandikie hata mstari mmoja. Vada yuko wapi?

*

Kambini, mwanzoni mwa Septemba

Opio kwa mjomba Numerio.

Mimi mzima. Kapio naye mzima. Hatukupoteza mtu, ila mmoja alianguka kwenye daraja.

Tulivuka mwezi wa Julai, asubuhi, ukungu ukiwepo. Kijiji kilikuwa karibu, ndiyo maana. Wengine walitoka kutupokea. Mzee Hadvalo alitoka mbele na shaba yake. Hilo linatosha, mjomba, usiniulize zaidi, na mama usimsomee.

Baadaye walihesabu mateka wakaona ni wachache mno kwa maandamano ya ushindi huko Roma, tena wengi ni vikongwe. Jenerali akatuma wafanyabiashara wakanunue watumwa huko Galia, warefu tu. Wamewafugisha nywele na kuzipaka ile sabuni nyekundu. Wanawafundisha kuimba kwa Kigermani. Mwalimu wao ni mimi. Nimeamriwa, kwa kuwa naijua lugha. Nafundisha wauza viatu wa Galia kulia kwa lugha ya mke wangu, na jioni sili kitu.

Vada yuko kwenye msafara. Nilimwona wakimpandisha kwenye gari la ng'ombe. Nilikwenda kwa akida nikasema huyu ni mke wangu, ana mtoto wangu. Si mtu mbaya. Akaniambia, "Opio, wewe ni askari. Huna mke. Ukisema unaye, nitakuchapa kwa kuwa naye, na yeye ataondoka vile vile."

Wataingia Roma majira ya baridi yakianza, na baada ya maandamano watauzwa. Atajifungua kabla ya sikukuu ya Saturno ya mwezi wa Desemba. Sheria unaijua: anayezaliwa na mtumwa ni mtumwa wa yule aliyemnunua mama. Mjomba, unajua watu wote Roma, umejisifia hivyo maisha yangu yote. Mpate kabla mtoto hajatoka.

*

Roma, siku mbili kabla ya Kalenda ya Desemba

Numerio kwa Opio, mwana wa dada yangu.

Kaa chini usome taratibu, nimeandika kwa mpangilio ili usiruke.

Maandamano yalipita mwanzoni mwa mwezi. Nilisimama pale yanapokata kona, mama yako kando yangu, kwa sababu nilishamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipiga kofi, akavaa viatu. Walipita wapiga tarumbeta, ikapita michoro ya mapigano ambayo hayakuwepo, milima mirefu na mito ya damu, kazi ya hovyo. Wakafuata Wagala wako. Mmoja rangi ilimchuruzika shingoni kwa jasho. Mwanamume nyuma yangu akawapigia kelele, "Lieni vizuri, tumelipa kodi." Wakaimba ulichowafundisha. Ni wimbo wa kulaza mtoto, au nakosea? Mama yako alisema ni wa kulaza mtoto, hajui lugha lakini anajua mwendo.

Halafu likaja gari la nguzo. Waandaaji walichukua sarafu wakatafuta kati ya mateka nani anafanana na picha. Basi wakamkalisha chini ya nguzo, wakamkunja mguu, wakamwekea kiwiko gotini. Tumbo halikuwemo kwenye sarafu, wakaliegemezea ngao lisionekane. Watu walikuwa wanainua sarafu zao wanalinganisha, wanasema, tazama, amepatikana hasa. Mtoto mmoja mabegani kwa baba yake akamrushia ganda la njugu. Nimefanya kazi ya picha tangu nikiwa kijana na sijawahi kutamani kuwa kipofu, ila siku hiyo.

Nikaenda kwa Dosenio, dalali wa watumwa, ambaye niliwahi kumchongea pete akajifanya baba yake ni wa ukoo mkubwa. Nilimtania, nikamsifu, nikamlaani. Alitaka bei kubwa sana, kwa sababu kuna tajiri aliyetaka kuweka bustanini mwanamke wa kwenye sarafu. Nikauza lile eneo la kaburi nililonunua njia ya Apio, na jiwe lake ambalo lilikuwa limeandikwa sifa zangu zote, zingine za kweli. Majivu yangu yatazikwa kwenye chungu kama ya wengine. Mama yako aliongeza hereni za harusi yake bila kuulizwa.

Tukamleta nyumbani, tumbo limeshuka tayari. Hapakuwa na muda wa hakimu, na hakimu angesema umri wake hautoshi kisheria kuachwa huru. Nikakimbilia njia ya pili, ya kumwacha mtu huru mbele ya marafiki. Nikawaleta jamaa wa karakana, wapiga nyundo, wenye vumbi la fedha hadi kwenye nyusi, hata Silo alikuja, na nikamsamehe shingo zote. Wakajibana ukutani. Vada alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, uchungu umeanza, mama yako anamsugua mgongo na kunifokea nifanye upesi.

Nikasimama mbele yake nimevaa toga yangu ya sikukuu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, unanijua. Nikasema kwa sauti ya kusikiwa na mashahidi, "Vada, mbele ya watu hawa, nakufanya huru."

Akanitazama. Alisubiri uchungu upite. Kisha akanijibu kwa Kilatini cha kambini, kile chako, chenye matusi katikati, ambayo siyaandiki.

"Nilikuwa huru," akasema. "Nilikuwa huru nyumbani kwetu, kabla hamjaja. Huwezi kunipa."

Wale wapiga nyundo, watu wanaocheka hata mazishini, walitazama miguu yao. Nami Numerio, mwenye jibu kwa maseneta, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mtoto ni msichana, mzima, na mashahidi wote wataapa kwamba mama yake alikuwa huru kabla hajazaliwa. Hilo nimekupatia. Karakana nimeacha. Fulkinio aliniuliza sababu, nikamwambia mkono unauma, na safari hii haukuwa uongo. Sasa nachonga pete na majina ya mbwa kwenye mikanda yao.

Vada anakaa na mama yako juu. Wanapatana, wote wawili wananinyamazia. Mama yako anapika, yeye anamenya vitunguu. Siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza kama alikuona asubuhi ile ya ukungu. Aliendelea kumenya, na sikumwuliza tena, na wewe sikuulizi.

Nilimwomba anitajie jina la mtoto, nikuandikie. Amempa jina, kwa lugha yao, nasikia anamwita wakiwa peke yao, na nikiingia ananyamaza. Alisema jina si la kutumwa kwa barua. Atakutajia wewe, kwa mdomo wake, ukimaliza utumishi ukaja hapa ukasimama mbele yake. Nikamuuliza, utamtajia kweli? Akasema itategemea utakachomwambia kwanza.

Kwa hiyo fikiria la kumwambia, mpwa wangu. Muda unao.